Treni Kwanza, Upepo Mgongoni

Kufuli lilikuwa jipya mno. Sajenti Nuray Aksoy alichuchumaa mbele ya chuma cha kuegeshea baiskeli nje ya stesheni ya Tallagong, akalishika kwa vidole viwili, na gundi ya kibandiko cha dukani ikamnata kwenye glavu. Ilikuwa saa mbili asubuhi ya Jumatatu. Umande wa mwezi Mei ulikuwa bado haujakauka, na ng'ambo ya reli mbwa wa polisi walikuwa wakizunguka mle mle walimozunguka jana.

"Unalitazama kama litakusemesha," alisema Colin Braddock, konstebo mwenye miaka thelathini na moja kazini na miezi mitatu iliyobaki kabla ya kustaafu.

"Limeshaanza kusema, mzee. Wewe tega sikio tu."

Baiskeli ilikuwa ya Ivor Trembath, mwalimu mstaafu wa useremala, miaka sitini na tisa, mkazi wa Wirrabel, kilomita sitini na nne kusini. Jumamosi alitoka nyumbani peke yake kwa safari ya siku moja, zile wanazozipenda watu wa chama chake: upande mmoja kwa baiskeli, upande wa pili kwa treni. Hakurudi. Kondakta wa treni ya saa kumi na dakika arobaini jioni aliiona baiskeli hapo, imefungwa vizuri, mwenyewe hayupo.

Inspekta Halloran, msimamizi wa msako, hakuhitaji zaidi. Kwa maelezo yake, mzee aliendesha kutoka Wirrabel hadi Tallagong, akafunga baiskeli, akapanda treni ya mapema zaidi, akapitiliza nyumbani kwake na kwenda zake mjini kuanza maisha mengine. "Wanaume wa umri ule huondoka, Aksoy," alimwambia Nuray asubuhi hiyo kwa simu. "Saa sita mchana nawarudisha watu wangu."

Nuray alikuwa na saa nne. Kama Halloran amekosea, basi kuna mzee amelala nje usiku mara mbili kwenye baridi ya nyuzi tatu, na usiku wa tatu hataumaliza.

"Haya, nisomee hii baiskeli," alimwambia Colin. "Wewe unawajua watu hawa."

Colin aliinama kwa kuguna. "Mnyororo uko kwenye gia ndogo kuliko zote. Pedeli ya kulia juu. Upande wa mnyororo umegeuziwa nje. Hivyo ndivyo wanavyofanya wote wa chama chao. Behewani baiskeli zinaegemezwa moja kwa nyingine, sasa mnyororo unakaa nje, mtu asimpake mwenzake grisi. Ukikosea, Murray Pascoe anakufokea mpaka stesheni ya tatu." Akanyooka. "Kwa hiyo aliyeiweka hapa ni Ivor mwenyewe. Halloran kapatia."

"Ama mwenzake wa chama."

Nuray alipitisha koleo dogo katikati ya spoki za gurudumu la nyuma, akachomoa kibanzi chekundu cha urefu wa kidole. Palikuwa na vingine, na vumbi jekundu limeingia hadi kwenye ekseli.

"Njia yake yote ni lami?" aliuliza.

"Mwanzo hadi mwisho."

"Na hiki?"

"Gome la kuni. Mwezi huu kila nyumba wilaya nzima ina kuni, afande."

"Kila nyumba, sawa. Kila baiskeli, hapana." Alikitia kibanzi kwenye mfuko wa ushahidi, akavuka barabara kwenda bekari.

Lorraine Ferraro alikuwa nyuma ya kaunta na unga hadi kwenye viwiko. Aliwatazama kwa jicho la mtu aliyekwisha kuhojiwa na hakufurahia.

"Wenzenu walishapita. Wakaniuliza kama Jumamosi alasiri nilimwona Ivor. Nikawaambia sikumwona. Jumamosi nafunga saa sita."

"Mimi nakuuliza asubuhi, dada Lorraine."

Lorraine aliweka trei chini. "Asubuhi? Asubuhi nilimwona vizuri tu. Alishuka treni ya saa mbili na robo na baiskeli yake, akaja kununua skonzi mbili za zabibu."

Colin aliacha kuchezea kofia yake. "Lorraine, mbona hukusema?"

"Mimi hujibu ninachoulizwa, mpenzi. Nimeishi na polisi miaka kumi, nimejifunza."

"Alizila zote?" Nuray aliuliza.

"Moja alikula hapo mlangoni. Ya pili akaifunga kwenye karatasi, hiyo ya Gwenda, mkewe. Kila akianzia huku lazima ampelekee moja."

"Kisha akaelekea wapi?"

"Kusini. Saa tatu kasoro robo hivi. Upepo unamsukuma, mzee wa watu anateleza kama sabuni."

"Na mchana ulipofunga?"

"Nikaenda kumwagilia maua ya stesheni, kama kila Jumamosi. Pale penye hiyo baiskeli yenu palikuwa patupu."

Nuray alimshukuru, na Lorraine akamtilia skonzi mbili kwenye mfuko bila kuulizwa.

Colin alisubiri mpaka walipofunga milango ya gari. Alikuwa mtu wa kukubali kosa, ila alipenda kulikubali taratibu.

"Aliondoka na baiskeli," alisema. "Baiskeli ikarudi bila yeye."

"Kati ya saa sita na saa kumi na dakika arobaini. Na aliyeirudisha ameigeuzia mnyororo nje kwa mazoea. Chama kina watu wangapi?"

"Kumi na wawili. Toa Ivor. Kumi walikuwa uwanjani Wirrabel tangu saa tano mpaka jioni, mechi ya watani. Nina hakika, maana nilikuwa nachoma soseji na waliokula zaidi ni wao. Ivor ndiye pekee asiyependa mpira."

"Hao kumi na mmoja. Wa kumi na mbili?"

Colin aliwasha gari kwanza. "Murray. Walimbadilishia goti Januari, hapandi tena baiskeli. Ndiye katibu, ndiye anayewapangia safari zote. Sikiliza, Nuray: Murray na Ivor walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza."

"Sijasema kitu."

"Hujasema, ila kunyamaza kwako nakujua."

Njiani alimpigia Halloran. Inspekta alisikiliza hadi mwisho, kwa hilo lazima asifiwe, kisha akasema: "Kilomita sitini na nne za nyasi ndefu na makorongo, kushoto na kulia. Mbwa ninao wanne. Nipe mahali, Aksoy, nitakupa mbwa." Nuray alitazama kingo za barabara zikipita dirishani, makorongo, miti, nyasi zinazomfika mtu kifuani, akajua kwamba hapo bosi wake hakukosea.

Gwenda Trembath hakuwa analia. Alikuwa anamenya viazi, sufuria nzima, katika nyumba yenye mtu mmoja.

"Mama Gwenda, Ivor alikuwa na kadi ya safari, zile anazowaandikia Murray. Iko wapi?"

"Hapo kwenye friji. Msiiguse. Aliiweka mwenyewe."

Kadi ilishikiliwa na sumaku. Nuray aliisoma mahali ilipo, kisha akaikunja pembe tu kuona nyuma. Mwandiko ulikuwa wa Murray Pascoe, mkubwa, wa kalamu nene. Upande wa nyuma ulisema: upepo wa kusini, baiskeli hadi Tallagong, kurudi kwa treni ya saa kumi na dakika arobaini. Upande uliotazama jikoni ulisema: upepo wa kaskazini, treni ya saa moja na robo hadi Tallagong, kurudi nyumbani kwa baiskeli.

"Kila Jumamosi," alisema Gwenda, "kabla hajatoka anakwenda kuchungulia bendera ya posta, kisha anageuza kadi. Anageuza ili nijue anatokea wapi na viazi niviweke jikoni saa ngapi. Wiki nzima redio ilitabiri kusini, na yeye kanuna wiki nzima. Hapendi treni ikae mwisho. Anasema unashinda unatazama saa badala ya kutazama ndege. Jumamosi upepo ukageuka. Aliingia hapo mlangoni anacheka. 'Gwen, treni kwanza.'"

"Uliwaambia polisi?"

"Niliwaambia. Yule mkubwa wenu akasema mpango ameshaupata kwa Murray, Ivor alikwenda kaskazini, basi." Kisu kilipita kwenye kiazi. "Akaniuliza kama tulikuwa tumegombana."

Nuray aliona haya, na hakuyaficha. "Nakuomba radhi kwa ajili yake, mama. Jambo moja tu. Ivor ana kufuli la baiskeli?"

"La nini? Safari ya kwenda upande mmoja huachi kitu nyuma, mwanangu, maana hupiti tena kukichukua. Hata akinywa chai baiskeli iko mkononi. Anabeba ramani, chupa ya chai, na lile blanketi la karatasi ya fedha la kukinga baridi nililomnunulia. Kila siku analicheka, na kila siku nalirudisha mfukoni."

Alisimama, kisu bado mkononi. "Mtamtafuta upande gani sasa?"

"Upande aliokuwa anatokea," alisema Nuray.

Nyumba ya Murray Pascoe ilitazamana na posta. Mafundi wawili walikuwa chini ya mlingoti, bendera imeshushwa na kukunjwa juu ya sanduku la zana, wanapitisha kamba mpya. Nuray aliwatazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha alichungulia uani kwa Murray: kuni nyekundu zimepangwa hadi dirishani, mbichi bado, na nyuma yake pikapu imefunikwa turubai. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

Murray aliwapokea kwa fimbo mkono mmoja na birika mkono wa pili. Miaka yake ilikuwa sitini na tisa kama ya Ivor, lakini goti lilikuwa limemwongezea kumi. Meza ilikuwa ramani tupu.

"Colin, kaa. Binti, kaa. Kuna habari?"

"Bado," alisema Nuray.

"Niliwapa wenzenu mpango wote. Sina kilichobaki."

"Sikuja kwa hilo, mzee Murray. Nimekuja unifundishe. Nina baiskeli, nina Jumamosi moja, na sitaki kupita njia ile ile mara mbili. Nipangie."

Colin alimgeukia kwa mshangao. Lakini Murray alikwisha kuvuta ramani, na uchovu wote ukamtoka usoni. Fundi ukimwuliza ufundi wake umemfungua mdomo.

"Cha kwanza, treni. Iweke asubuhi. Ukiiweka mwisho, siku nzima unaendesha na saa shingoni, na tairi likipasuka umelala stesheni. Ukiiweka kwanza, kila pedeli unayokanyaga inakusogeza kitandani kwako."

"Cha pili?"

"Ulizia reli kabla. Siku za ukarabati wanaleta mabasi, na basi halikubebei baiskeli. Nimewahi kuwaona watu wazima wanalia kwenye jukwaa."

"Na cha tatu?"

"Cha tatu ndicho cha kwanza." Alicheka. "Upepo. Mlima una kilele, ukifika umefika. Upepo hauna. Ndiyo maana kadi zangu zina pande mbili. Usiamini redio, usiamini jana. Asubuhi ile ile, kabla hujagusa tiketi, unaitazama bendera." Akanyoosha kidole dirishani.

"Na Jumamosi, mzee, bendera ilisemaje?"

"Upepo wa kusini. Wiki nzima ulikuwa wa kusini."

"Wiki nzima, kweli. Nimeuliza Jumamosi."

Kidole cha Murray kilirudi kwenye ramani na kukaa hapo.

"Ivor aligeuza kadi," alisema Nuray. "Alipanda treni ya asubuhi. Saa tatu kasoro robo alitoka Tallagong kuja huku, upepo wa kaskazini mgongoni. Baiskeli yake imekutwa mahali alipoanzia. Aliyeiweka pale aliijua kadi na hakuujua upepo."

"Mtu yeyote angekosea upepo," alisema Murray.

"Mpanda baiskeli? Wewe ndiye umenifundisha sasa hivi kwamba hawezi. Mwenye gari ndiye hajui upepo, maana amefunga vioo."

Murray alichukua karatasi moja mezani, akaisogeza hadi karibu na pua, akairudisha.

"Tufanye leo, basi," alisema Nuray kwa upole. "Bendera ni hiyo dirishani kwako. Leo upepo unatoka wapi?"

Mzee aligeuka. Alitazama kwa muda mrefu, macho ameyabana.

"Kaskazini," alisema. "Naiona. Inapepea kuelekea huku kwetu."

Aliyejibu ni Colin, na sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe. "Leo hakuna bendera, Murray. Wameishusha. Wanabadilisha kamba."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia kwenye dirisha la mwenyewe.

"Una haki ya kunyamaza," alisema Nuray. "Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani. Haki hiyo ni yako na siigusi. Ila Ivor yuko nje tangu Jumamosi, na wewe peke yako unajua ni wapi."

"Leseni yako iko wapi, Murray?" Colin aliuliza.

"Waliichukua Machi. Daktari wa macho." Alikaa taratibu. "Sikumwambia mtu. Goti limeondoka, macho yameondoka, ningebaki na nini? Kuni nilikuwa nafuata mwenyewe, asubuhi, barabara tupu. Nikatoka kwenye njia ya Sexton, jua usoni. Nilisikia kishindo tu. Niliposhuka nikamwona Ivor chini ya ukingo, kalala kifudifudi. Nilimwita. Nilimwita kwa jina la shuleni. Hakujibu."

"Ulishuka ukamgusa?"

"Goti," alisema Murray. Kisha akatikisa kichwa. "Hapana. Niliogopa. Nilijua amekufa."

"Hukujua. Ulidhani."

"Baiskeli ilibaki juu ukingoni, nzima; nikaipakia juu ya kuni, nikasema moyoni, ikikutwa Tallagong, watasema alifika. Kadi niliandika mwenyewe. Sikufikiria upepo kabisa, binti. Miaka arobaini nawafundisha watu, na sikufikiria upepo."

"Na kufuli?"

Hapo ndipo machozi yalipomshinda. "Baiskeli ile aliiunda kwa mikono yake, karakana ya shule, miaka miwili. Ningeiachaje vile vile? Si wangeiiba."

Nuray alikuwa amesimama tayari. "Njia ya Sexton iko kilomita ya ngapi?"

"Ya thelathini na mbili. Katikati kabisa. Kila mara huwapangia wapumzike hapo, wanywe chai."

Walimwacha kwa konstebo wa zamu. Nuray alimpigia Halloran kabla gari halijatoka mtaani. "Nimekupa mahali. Nipe mbwa, nipe ambulensi." Inspekta hakubishana. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi.

Walifika wao kwanza. Njia ya Sexton ilitoka msituni kama Murray alivyosema, na kwenye lami palikuwa na vibanzi vyekundu ambavyo magari ya siku mbili hayakuwa yamevimaliza. Chini ya ukingo nyasi zililala umbo la mtu. Mtu hakuwapo. Colin alivua kofia, uso umemshuka.

"Vaa kofia yako," alisema Nuray. "Maiti haihami."

Alifuata nyasi zilizoburutwa. Zilizunguka gogo, zikashuka mtaroni, zikaenda hadi kwenye kalvati, lile bomba kubwa la saruji linalopitisha maji ya mvua chini ya barabara. Ndani, juu ya rundo la majani makavu, kitu kiling'aa rangi ya fedha.

"Ivor Trembath?"

Karatasi ya fedha ilichakarika. Uso uliotokea ulikuwa wa majivu, mdomo umepasuka kwa baridi, na mguu mmoja ulikaa jinsi mguu usivyokaa. Lakini macho yalikuwa hai yote mawili.

"Treni ilifika kwa wakati," alisema Ivor, sauti kama kikwaruzo. "Mliochelewa ni nyinyi."

Colin aliangua kicheko kilichochanganyika na kilio, akatambaa kwa tumbo kuingia bombani na koti lake. Nuray alimshikia Ivor mkono mpaka waliposikia ving'ora upande wa kaskazini.

"Alikuwa Murray," alisema Ivor. "Jina lile la shuleni hakuna mwingine anayelijua. Nilimsikia anaita. Sauti ya kumjibu ndiyo niliyoikosa." Akavuta pumzi. "Mna simu? Mwambieni Gwenda skonzi yake nimeila. Mwambieni nilijizuia mpaka jana."

Nuray alipanda ukingoni kutafuta mtandao. Simu iliita mara moja tu.

"Mama Gwenda, ni Sajenti Aksoy. Yuko hai. Mguu umevunjika, lakini anaongea, na anakuomba msamaha kwa ajili ya skonzi yako."

Upande wa pili kisu kiliwekwa mezani. Upepo ulikuwa bado unatoka kaskazini, unazilaza nyasi kuelekea Wirrabel.

"Niliwaambia," alisema Gwenda. "Niliwaambia alikuwa anakuja nyumbani."